Nani Alimwosha Paulo?

Kama umetoka hospitali juzi ukiwa na tundu tumboni, na kipande cha utumbo kinachungulia nje kikiwa chekundu kama ulimi, haya nimekuandikia wewe. Wengine wakisoma ni sawa. Sitakudanganya kwamba utazoea haraka. Nitasema yaliyonipata, nawe utachukua yatakayokufaa.

Naitwa Simiyu. Nilikuwa dereva wa trekta katika mashamba makubwa ya upande wa Kitale, na Jumapili nilikuwa shemasi. Nilikuwa mtu mwenye nguvu na nilizipenda nguvu zangu. Spika za kanisa, ambazo vijana walizibeba wawili wawili, mimi nilizibeba peke yangu, na mke wangu Rose alikuwa akicheka akiniangalia.

Damu niliiona msimu wa kulima. Niliposhuka kwenye trekta jioni moja nikakuta kiti kina alama. Nikaifuta kwa kitambaa cha oili na sikumwambia mtu. Siku zilizofuata nilianza kukunja gunia na kulikalia, kwa sababu mtikisiko wa trekta ulikuwa unanipasua. Zahanati ya kwanza ikasema ni bawasiri, nikapewa dawa ya kupaka. Ya pili ikasema ni amiba. Mahindi yakapandwa, yakaota, yakafika magotini, na mimi bado nakunywa dawa za amiba huku suruali zinazidi kunilegea kiunoni. Wakati wa palizi ya pili nilishindwa kupanda kwenye trekta. Mguu mmoja ulikuwa juu, mwingine chini, na nikabaki pale nikishikilia usukani na kulia kwa maumivu mbele ya vibarua.

Hapo ndipo nilipopelekwa kupimwa kwa kamera. Katika chumba cha kungojea kulikuwa na benchi ndefu ya mbao na watu walikuwa wamejaa. Nilisimama nikiegemea ukuta, maana sikuweza kukaa. Mama mmoja aliyekuwa amekuja na mgonjwa wake aliniangalia kwa muda, kisha akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akaizungusha kama kata ya kubebea mtungi, akaiweka juu ya benchi.

"Kaa hapa kwa shimo," akasema. "Hata mume wangu alikuwa anakaa hivyo."

Nikakaa, na kweli nilipata nafuu. Sikumuuliza mume wake yuko wapi sasa. Kama huwezi kukaa, jaribu kata ya leso.

Majibu yalipotoka, daktari aliongea na Rose zaidi ya alivyoongea na mimi. Ilikuwa kansa, chini kabisa, karibu na mlango wa haja. Ingebidi waikate, na mlango wenyewe ushonwe, usifunguke tena maisha yangu yote. Rose aliuliza, "Sasa atakuwa anaendea wapi?" Daktari akamwonyesha kwa kidole ubavu wake mwenyewe wa kushoto.

Nilipasuliwa Eldoret, miezi ya mvua na baridi. Sitakueleza upasuaji wenyewe kwa sababu sikuuona. Ninachokumbuka ni kuamka na kuhisi kitu cha moto kinatiririka juu ya ngozi yangu, na sikuwa nimekiruhusu kitiririke. Hilo ndilo lililonivunja zaidi ya kidonda. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kujizuia. Mimi, mwanaume wa trekta, sikuweza, na nikaambiwa sitaweza tena. Muuguzi mmoja alinifundisha kupima tundu la mfuko unaobandikwa tumboni kupokea choo kwa kifuniko cha chupa ya dawa, kukata polepole, na kupasha gundi joto kwa viganja kabla ya kubandika. Alinifundisha bila kukunja uso, na mpaka leo ninamwombea.

Nyumbani Kitale, Rose alijaribu. Nataka uelewe hivyo, kwa sababu watu wamemsema sana. Mara ya kwanza alipobadilisha mfuko alimaliza kazi, akautupa, akanawa, ndipo akaenda nyuma ya nyumba kutapika. Mara ya pili hakufika mlangoni. Baadaye akaanza kulala na watoto. Binti yetu Diana alikuwa anarudi shuleni akilia, kwa sababu wenzake walimwita mtoto wa choo.

Halafu kukawa na ule mkutano wa kanisani. Alikuja mhubiri mgeni, mtu wa sauti kubwa, na mchungaji wetu alikuwa amemweleza habari zangu. Akaniita mbele. Akasema mfuko ule ni kibandiko cha shetani, na kwamba wenye imani hawatembei na mavi ubavuni. Watu wakasema amina. Akaniwekea mkono kichwani, akasukuma, akauliza, "Unaamini?"

Nikasema naamini. Kweli niliamini. Ungekuwa wewe pale, mwenye kunuka na kuchoka kama mimi, ungeamini hata jiwe.

"Basi ung'oe!"

Nikainua shati, nikaung'oa mfuko mbele ya kanisa lote.

Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu. Watu walianza kupiga vigelegele. Kisha utumbo ukajikunja wenyewe, kama unavyofanya ukitaka, na ukamwaga. Ulimwaga juu ya suruali, juu ya viatu vyangu, juu ya zulia jekundu la madhabahu. Vigelegele vikakatika. Mhubiri akarudi nyuma akiinua pindo la koti lake, akasema katika kipaza sauti, "Ndugu zangu, shaka ni kitu kibaya. Mnaona shaka?" Kwaya ikaambiwa iimbe. Nilimtafuta Rose kwa macho. Alikuwa amesimama, amemshika Diana mkono na mdogo wake mgongoni, anatoka.

Mhudumu wa kanisa, kijana niliyemsimamia mtoto wake kama baba wa ubatizo, aliniletea ndoo na kitambaa cha kupigia deki. Akaviweka mbali kidogo na mimi.

"Shemasi, pole. Safisha mwenyewe, maana hatujui kama inaambukiza."

Nikapiga magoti nikasafisha. Wakati huo sadaka ilikuwa inakusanywa. Watu walipita kuweka sadaka zao wakinizunguka, mwanamke mmoja akijiziba pua kwa kitambaa chake. Nilisema moyoni, Bwana, ulinishika mkono kwenye madhabahu yako ukaniachilia.

Rose hakunitukana. Aliongea polepole akipanga nguo za watoto kwenye mfuko wa safari. "Baba Diana, mimi niliolewa na mtu. Sasa sijui niko na nani. Nikikaa nitakuchukia, na sitaki kukuchukia." Akaenda kwa dada yake Nakuru. Mlangoni Diana alitaka kunikumbatia, mama yake akamvuta kwa upole.

Ndugu yangu Wekesa alikuja kunichukua, akanipeleka kwake Kanduyi, ili niwe karibu na mji wa Bungoma ambako ningepigwa zile dripu za kansa. Nilipewa stoo, katikati ya magunia ya mahindi na baiskeli mbovu. Mke wake alichora alama ya rangi ya kucha kwenye kikombe changu, sahani yangu na hata beseni. Mifuko ya hospitali ilipoisha nilitumia karatasi za nailoni na vitambaa vilivyofungwa kwa ukanda, na ngozi ya tumbo ikachubuka mpaka ikawa kama nyama mbichi. Siku moja Wekesa alisimama mlangoni, hakuingia.

"Simiyu, si unajua siku hizi ni vizuri mtu kujipanga. Sasa, ukienda, unataka tukuzike upande gani? Kando ya baba ama kule chini ya mti wa mugunga?"

"Bado niko hapa, bana."

"Najua. Nauliza tu."

Nilikuwa nimemaliza dripu ya pili, nimelala juu ya gunia, niliposikia sauti ya mwanamke nje, upande wa barabara. Sauti hiyo niliijua, lakini sikuwahi kuisikia ikiniita.

"Baba Diana, mko?"

Alikuwa Mama Rose, mama mkwe wangu, kutoka Kamukuywa. Kwa asiyejua mambo yetu, lazima nieleze. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja wao anapita pembeni, na wakilazimika kuongea huitana kwa wingi, kama wanaongea na watu wengi. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina woga ndani yake, maana wazee wanasema anayeivunja huleta mkosi kwa watoto. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemwona mama huyu kwa mbali, akiwa amenigeuzia mgongo.

Hata siku ile alikuwa amegeuza mgongo. Alikuwa akiongea na ukuta wa jirani.

"Nimesikia vile mtoto wangu amefanya. Nimekuja na pikipiki. Kusanyeni vitu."

"Mama, mimi siwezi kulala kwenu. Mnajua."

"Kwani nimesema tunalala nyumba moja? Nina jikoni. Tokeni, bodaboda anangoja."

Wekesa alinisaidia kukusanya nguo haraka kuliko nilivyomwona akifanya kazi yoyote.

Kamukuywa, Mama alikuwa ameihamisha jikoni yake. Mafiga alikuwa ameyaweka nje chini ya mabati ya ghala, na kile kijumba cha udongo kilichokuwa jiko kilikuwa kimepakwa upya, kina kitanda na mkeka. Alikuwa akija anakohoa kutoka mbali ili nijue. Chakula alikiweka kwenye kigoda mlangoni, kimefunikwa, akaondoka bila kuangalia ndani. Mimi nilijibadilisha mwenyewe, nikazika uchafu wangu nyuma ya migomba. Tungeweza kuendelea hivyo.

Lakini zile dawa zina ukatili ambao hakuna aliyenionya. Zinaua vidole. Baada ya dripu ya nne nilikuwa nikigusa kikombe cha baridi nasikia kama nimeshika waya wa umeme, na baadaye nikawa sisikii kitu. Vifungo vya shati vilinishinda. Siku moja alasiri mfuko niliopewa kule Bungoma ulibanduka, na nilipojaribu kubandika mwingine vidole vilikuwa vijiti tu. Ulianguka mara moja, mara mbili. Nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye uchafu wangu mwenyewe, na nikaanza kulia kwa sauti, kama mtoto.

Nikasikia kikohozi.

"Baba Diana. Mnalia nini?"

"Vidole, Mama. Havishiki."

Nilisikia miguu yake ikiondoka na nikajua ndiyo basi, amekwenda kumwita mwanawe wa kiume anirudishe Kanduyi. Akarudi. Niliona mkono mmoja tu ukiingia mlangoni, umeshika leso.

"Jifunikeni uso," akasema. "Msiponiona, mimi sijaingia."

Nikajifunika. Nikasikia beseni likiwekwa chini, maji ya moto yakinukia mwarobaini. Nikasikia magoti yake yakilia alipopiga magoti. Kisha mkono wa mama mkwe wangu, mkavu na wenye kukwaruza, ukagusa tumbo langu. Nilitaka ardhi inifunike. Alifuta pembeni, akafuta karibu na utumbo wenyewe, na utumbo ukaruka, akashtuka.

"Kinauma?"

"Hapana. Chenyewe hakisikii."

"Basi afadhali chenyewe."

Kuanzia siku ile alikuja kila siku, na kila siku nilijifunika leso. Usidhani alikuwa malaika. Kuna siku alisema, "Mungu anisamehe, lakini leo mnanuka kama mzoga." Kuna siku alitapika pale pale, kama mtoto wake alivyotapika, akajifuta mdomo akaendelea. Mwanawe mkubwa, Barasa, alikuja akasimama uwanjani akapiga kelele majirani wote wasikie.

"Mama, ati mkwe anajisaidia ndani ya jikoni yako, na wewe unamwosha! Ukoo utatuita nini? Mfukuze!"

"Akienda atakufa."

"Kwani wewe ndiye umemuua?"

Barasa akaenda zizini akamfungua ng'ombe aliyemnunulia mama yake, akaondoka naye. Mama alimwangalia mpaka akapotea njiani. Baadaye nikamsikia akivunja kuni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Tulikunywa chai ya rangi tangu siku hiyo. Wanawake wa kanisa lake waliokuwa wakikutana kwake kwa maombi walihamishia maombi kwa jirani. Kutoka jikoni nilikuwa nawasikia wakiimba ng'ambo ya ua, na yeye akiimba nao kutoka huku, peke yake, akipeta maharagwe.

Siku moja akiwa ananiosha aliniambia, "Semeni kitu. Tukinyamaza hivi naona aibu. Si mlikuwa mnahubiri?"

Nikiwa chini ya leso, nikamweleza habari za Paulo. Nikamwambia alikuwa na mwiba mwilini, haijulikani ni ugonjwa gani. Alimwomba Bwana mara tatu autoe, na Bwana akamjibu kwamba neema yake inatosha, kwamba nguvu zake Yeye hukamilika mahali mtu alipo dhaifu. Niliyasema kwa uchungu. Kusema kweli niliyasema kama mtu anayemshtaki mwingine.

Mkono wake ukasimama. "Kwa hivyo hakuutoa?"

"Hakuutoa."

"Paulo akabaki hivyo?"

"Akabaki hivyo."

Akakamua kitambaa. Nilisikia maji yakidondoka kwenye beseni.

"Sasa nani alikuwa anamwosha?"

"Haijaandikwa, Mama."

"Basi waliandika nusu," akasema, akaendelea kufuta.

Nimelala na maneno hayo miezi mingi. Nilikuwa nimeisubiri neema ishuke madhabahuni, mbele za watu, kwa kipaza sauti. Sikujua kwamba ingekuja ikikohoa kutoka mbali ili isiniaibishe. Na sitaki ufikiri kwamba kwa sababu hiyo maumivu yalikuwa matamu. Yalikuwa maumivu. Nilipoteza jino, nywele, kucha mbili za miguu, na sauti za watoto wangu. Mungu hakuniondolea hata kimoja katika hivyo. Ninasema tu kwamba katika unyonge ule, ambao hata ndugu yangu aliukimbia, mtu mmoja alipiga magoti, na sina jina lingine la kumwita aliyemtuma.

Dripu ya mwisho ilikuja wakati watu wanachoma mabua ili walime tena. Katika chumba cha kungojea kule Bungoma viti viwili vya wale niliozoea kukaa nao vilikuwa na watu wapya. Sikuuliza. Daktari aliangalia picha akasema hakuna anachokiona kwa sasa. Alilirudia hilo "kwa sasa" ili nisijisahau. Nilirudi Kamukuywa nikamwambia Mama kupitia mlangoni. Akasema, "Asante Yesu," kisha akasema, "Mle chakula."

Rose alikuja mvua za kupanda zilipoanza. Alikuja mchana, amevaa vizuri, bila watoto. Mama alikuwa uwanjani akichambua mbegu kwenye ungo. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jikoni, nimemgeuzia Mama mgongo kama ilivyo desturi, nikijifunza kufunga vifungo tena. Rose alinisalimu. Alinitazama uso, shingo, mikono, kisha macho yake yakashuka ubavuni, yakatoka haraka.

"Umepata nafuu," akasema.

"Ndiyo. Watoto?"

"Wako salama. Diana anakuulizia. Sikuja kukaa. Nimekuja niliseme neno hili mbele ya Mama, lisisemwe na watu. Mimi sirudi. Nimepata kazi kule. Na kuna mtu."

Ungo ulikuwa unatikiswa, ukaacha kutikiswa.

"Umeamua?" Mama akauliza.

"Nimeamua, Mama."

"Usiseme leo halafu kesho uniambie ilikuwa hasira."

"Si hasira. Nilishalia mpaka nikamaliza."

"Kwa hivyo huyu si bwana yako tena."

Rose alilia sasa, lakini alisema. "Si bwana yangu tena."

Sikuweza kugeuka. Nilishika kifungo cha shati na sikukisikia. Mwili wangu ulikuwa umezoea kukatwa vipande, lakini kipande kile kilitoka bila ganzi. Nikasikia Mama akiweka ungo chini. Nikasikia miguu yake ikija, bila kikohozi. Akazunguka akasimama mbele yangu, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa mzee kuliko nilivyodhani. Alikuwa na kovu dogo juu ya mdomo. Nikainamisha macho upesi.

"Niangalie," akasema. Hakusema "niangalieni."

Nikamwangalia.

"Kama wewe si bwana ya Rose, basi si mkwe wangu. Nilikuwa nakuogopa kwa sababu ya huyo." Akajifuta vumbi la mbegu kwenye gauni, akaninyooshea mkono. Miezi yote ile alikuwa amenishika utumbo, lakini mkono wa salamu hatukuwa tumewahi kupeana.

"Habari yako, mwanangu?" akasema.

Niliutoa mkono wangu akaupokea. Vidole vyangu vilikuwa bado vimekufa, na ilibidi niangalie chini ili nijue kwamba amenishika.